Karatasi za Mkunga wa Ng'ambo

Chama chetu hakikuwa na ofisi. Kilikuwa na chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, pale Nyamagana, mjini Mwanza, hatua chache kutoka sokoni, na hata hicho chumba tulikigawana na majora ya kitambaa, pasi ya mkaa na nguo za harusi za watu wasiotuhusu. Ukija na andiko lako ulijitafutia pa kukaa kati ya suruali zisizopindwa. Kwenye barua tulijiita kwa jina refu lenye maneno "waandishi" na "Jimbo la Ziwa" ndani yake. Mjini walituita watu wa makaratasi.

Tuliokiendesha tulikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mtu wa Ukerewe, aliyevaa koti hata siku ambazo mawe ya Mwanza yalikuwa ya moto kama vikaango. Wa pili alikuwa fundi mwenyewe, mwenye chumba, ambaye hakuwahi kuandika hata ukurasa mmoja maishani mwake lakini alipenda kusikiliza kuliko sisi sote. Wa tatu nilikuwa mimi, katibu: mwalimu wa shule ya wasichana, binti wa mjini, baba Mmanyema na mama Msukuma, mwenye miaka ishirini na kitu na ulimi ambao mama aliuombea dua kila Ijumaa bila mafanikio.

Najua leo kuna vyama vyenye mihuri, mikutano ya hotelini na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Sivionei wivu. Nikisikia mahali popote sauti ya cherehani ya kukanyaga, nakumbuka alasiri zile za miaka ya hamsini na moyo unanilainika, mimi ambaye wanafunzi wangu waliapa kwamba sina moyo.

Wanachama walitapakaa kuzunguka ziwa. Walikuwa walimu, makatekista, makarani wa pamba, muuza dawa mmoja wa Musoma, na mzee mmoja wa Bukoba aliyetuandikia kila mwezi kutulalamikia kwamba hatumjibu, ingawa tulimjibu kila mwezi. Maandiko yalikuja kwa meli na kwa mabasi, mengine yakinuka samaki kwa sababu ya kusafiri nao. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, tulikusanyika dukani kuyasoma.

Kusoma kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo tuliutunza kuliko katiba. Mwandishi hakusoma andiko lake mwenyewe. Mwenyekiti ndiye aliyesoma, kwa sauti ya mahakamani, bila kutaja jina, na mwenye andiko kama yupo alikaa kimya asijitambulishe. Wakati huo wote fundi aliendelea kushona, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku ya wateja. Andiko likiwa la kawaida, cherehani iliendelea kulia. Likiwa zuri, miguu ya fundi ilisahau kukanyaga na chumba kikawa kimya. Hatukuwa na kipimo kingine, na hicho hakikuwahi kutudanganya. Mwisho wa kusoma, mke wa fundi alileta chai, na kikombe cha kwanza alipewa mwenye andiko. Hapo ndipo watu walipojua ni la nani.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusafisha. Maandiko mengi yalikuja na Kiswahili cha kila mtu na kwao, kikivuta upande wa Kisukuma, wa Kihaya, wa Kijita. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha darasani, kilichonyooka, na nilijivunia kama mtu anavyojivunia nywele zake. Niliondoa marudio, nikapanga sentensi, nikaongeza kidogo pale nilipoona panapwaya. Mwenyekiti alinisifu mbele za watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia maji mpaka kibuyu kikafurika.

Jambo jingine la kujua ni kwamba karatasi ilikuwa adimu kwetu. Andiko likishasafishwa na kunakiliwa, karatasi zake za mwanzo zilikuwa mali ya chama, na upande wake mtupu tuliutumia: kumbukumbu za vikao, barua, matangazo. Mwenyekiti alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye mahakama ambako hata bahasha iligeuzwa ndani nje ikatumika tena. Hakuna aliyefikiri kwamba tunakosea. Nakala safi ipo. Chafu ya nini?

Mwaka wa uhuru tuliamua kutoa kijitabu. Maandiko bora kutoka kila upande wa ziwa yangepigwa taipu kwenye taipureta ya shule yetu, yakarudufiwa kwenye mashine ya misheni, kisha fundi angeyashona kwa cherehani yake kwa uzi mwekundu. Watu walileta kwa wingi. Na kati ya yaliyoletwa kulikuwa na furushi kutoka ng'ambo, upande wa Sengerema, limefungwa kwa kipande cha kanga.

Mwenye furushi alikuwa mkunga wa jadi, bibi wa miaka sabini hivi, aliyejifunza kuandika ukubwani katika darasa la kina mama. Tulimfahamu kidogo, alikuwa amefika kwetu mara mbili, akakaa karibu na mlango, akasikiliza, akaondoka kuwahi kivuko, pantoni ya Kigongo. Sisi sote tulimwita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma. Furushi lilikuwa na karatasi ishirini na tatu, zimeandikwa kwa penseli upande mmoja tu, herufi kubwa kubwa zilizokandamizwa mpaka unazipapasa kwa vidole upande wa pili.

Nilizisoma nikiwa nasahihisha madaftari, na nasema kweli zilinichosha. Hakukuwa na hadithi. Kulikuwa na watoto aliowapokea, mmoja baada ya mwingine, mistari miwili mitatu kwa kila mtoto. Wa kike, nyumba ya mfua vyuma chini ya jiwe lenye fisi, mvua ya kwanza baada ya nzige, alilia kabla mabega hayajatoka. Wa kiume, nyumba ya wajane wawili, siku tatu baada ya soko la pamba kufunguliwa, ana alama mgongoni kama jani. Wa kiume tena. Wa kike. Mapacha, wa kwanza ni yule mwembamba. Ukurasa baada ya ukurasa. Nilisema peke yangu, huyu bibi ametuletea rejista.

Nikasafisha. Nilichukua watoto wote wale nikawafanya sentensi moja: "Kwa mikono yake amewapokea duniani watoto wasiohesabika." Pembeni nikaongeza mwezi, upepo wa ziwa na machozi ya furaha. Mkunga nikamwita taa ya kijiji. Karatasi ishirini na tatu zikawa mbili na nusu, na mwenyekiti aliposoma nakala yangu alivua miwani akasema, "Mwalimu, hapa umejipita." Nilitembea nyumbani siku ile kama bibi harusi.

Jumamosi ya kuchagua maandiko ya kijitabu, chumba kilijaa hadi barazani. Mayu alikuja na basi la asubuhi kutoka Kigongo, amevaa kitenge kipya. Nilimwamkia, "Shikamoo, mayu," akaitika marahaba huku akinitazama kwa kuinamisha kichwa pembeni, maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikaa mahali pake karibu na mlango.

Mwenyekiti alisoma andiko la taa ya kijiji katikati ya mengine. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilitazama miguu ya fundi. Ilikanyaga cherehani mwanzo mpaka mwisho bila kusita hata mara moja, na nilimkasirikia. Nikadhani ana suruali ya haraka.

Ikaja chai. Mke wa fundi alipita katikati ya watu na kikombe cha kwanza, akampa mayu kwa mikono miwili. Mayu alikipokea, akakitazama, akamtazama mwenyekiti.

"Chai hii mmenipa kwa kukosea," alisema.

"Ni yako, mayu," fundi akamwambia. "Lako ndilo limesomwa."

"Hilo la taa?"

"Hilohilo."

Akacheka kidogo, cheko la adabu la mgeni aliyefanyiwa mzaha asiouelewa. "Hilo ni zuri. Mwenyewe apewe chai yake, isipoe. Langu lina watoto. Langu mtalisoma lini?"

Mwenyekiti aligeuza shingo polepole akanitazama mimi, na watu wote wakafuata macho yake. Nikaanza kumweleza, kwa Kiswahili changu kilichonyooka, kwamba andiko ni lake, tumelifupisha tu, tumeondoa marudio.

"Marudio gani?" aliuliza.

"Wale watoto, mayu. Walikuwa wengi."

"Ndiyo, ni wengi," alisema. Aliweka kikombe chini, chai haijaguswa, akatueleza taratibu, kama mtu anayewaelekeza wageni njia. Watoto aliowapokea, wengine walikuwa watu wazima sasa, wengine bado wadogo, na wengi wao wazazi wao hawajui kusoma. Wanakuja kwake. Mmoja anataka kuandikishwa shule na mwalimu anamuuliza umri. Mwingine anatafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba, anaulizwa amezaliwa mwaka gani. Ndugu wawili wanagombea nani mkubwa. Anayejua ni yeye, peke yake, kwa kufuata nzige, mvua na soko la pamba.

"Niliwabeba kichwani miaka yote," alisema. "Macho yakaanza kuharibika, nikaona kichwa nacho kitafuata. Ndiyo maana nikajifunza kuandika. Nikawaandika wote, nikawatua. Sasa mtu akishatua mzigo, hakumbuki tena ulivyokaa. Nikasikia mnatengeneza kitabu. Nikasema, wakiwa kitabuni hawatapotea. Kama hamwataki kitabuni si neno. Nipeni karatasi zangu, nirudi nazo."

Nilimwambia ziko kwenye faili na nitampelekea mwenyewe mpaka mlangoni. Aliniamini mara moja. Afadhali angenitukana.

Kesho yake Jumapili tulikaa chumbani watu watatu, na faili la kumbukumbu za vikao limefunguliwa sakafuni katikati. Upande mmoja wa karatasi mwandiko wangu wa mapambo ulieleza kwamba kikao kilifunguliwa kwa dua na kwamba wajumbe walijadili kwa kirefu suala la sukari ya chai. Ukigeuza, mtoto wa kike alikuwa anazaliwa juu ya kilima wakati wa radi. Tulitoa karatasi moja moja. Nyingine zilikuwa kwenye barua ambazo hazijatumwa. Mbili fundi alizikuta amezikata kuwa ruwaza ya kola ya shati, tukaziunga kwa gundi. Mwenyekiti alikuwa anasoma kila moja kwa sauti kabla ya kuiweka, na fundi, ambaye alikuwa amejikalia kwenye stuli ya cherehani na shati la mtu mapajani, alikuwa hashoni. Nilimwona. Tulipofika ya ishirini na mbili ilikuwa karibu adhuhuri na cherehani haijalia tangu asubuhi.

Ilikosekana moja, ya kumi na nne. Alikuwa ameziandika namba kwenye pembe.

Nilijua ilipo kabla hawajaniuliza. Tangazo la mkutano, lile la kuwaita watu waje kusikiliza maandiko, nililiandika mimi mwenyewe kwa wino mweusi mgongoni mwa karatasi ya furushi lile, nikalibandika kwenye ukuta wa soko kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Upande wa penseli ndio niliopaka uji. Mayu alilipita akija kwetu kutoka stendi ya basi.

Tulikwenda na birika la maji ya uvuguvugu na kisu cha fundi cha kukatia mishono. Mwenyekiti, na koti lake, alipiga magoti kwenye vumbi la soko mbele ya wauza ndizi, akawa ananyunyiza maji kidogo kidogo huku mimi nikiinua pembe kwa ncha ya kisu. Mvua mbili zilikwisha kupita juu yake na watoto walikwisha kuchana chini. Muhogo ulikuwa umeshika kama saruji. Karatasi ilitoka kwa vipande vya ukubwa wa kucha. Kwenye kimoja nilisoma "wa kiume". Kwenye kingine "alama". Muuza ndizi mmoja alituuliza tumepoteza nini, na mwenyekiti akamjibu, "Watu." Mimi nililia pale pale sokoni, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na wala sikuona haya.

Nilizipiga taipu karatasi ishirini na mbili kama zilivyo. Sikugusa kitu. Zilipokwisha, hesabu ya kurasa ikakataa: kijitabu kingekuwa kinene kuliko sindano ya fundi inavyoweza kupita. Kitu kikubwa kilichobaki kutolewa kilikuwa utenzi wa uhuru, beti nyingi, ambao mwenyekiti aliutunga kwa muda wa mwaka mzima na aliukariri hata njiani. Hakuna aliyemwambia neno. Aliutoa mwenyewe, akaukunja, akautia mfuko wa ndani wa koti. "Uhuru utapata mashairi ya kutosha," alisema. Nilimheshimu tangu kwanza. Siku ile nilimpenda.

Nilivuka na pantoni wiki chache kabla ya sherehe, kijitabu cha kwanza kimo kwenye kikapu changu, uzi mwekundu haujapata hata vumbi. Mayu alikuwa anapura maharage uani. Aliketi mkekani akafumba macho, nami nikamsomea mtoto mmoja mmoja. Kila mara alisema "eee" ndogo, na wakati mwingine aliniambia huyo sasa yuko wapi. Huyo ni fundi baiskeli. Huyo alikwenda Geita. Huyo tulimzika.

Nilipofika ya kumi na nne nilishusha kijitabu, nikamweleza. Nilimweleza yote, hata uji wa muhogo. Midomo yake ikawa inahesabu.

"Kila karatasi niliandika wanane," alisema hatimaye. "Ndipo mistari ilipoishia."

Alijaribu kuwarudisha. Alinishika mkono, akafumba macho kwa nguvu, akaanza kutoka nyumba moja kwenda nyingine kichwani mwake, akitaja vilima. Alimpata mmoja, akampata wa pili. Wa tatu alimpata jua lilipofika juu ya paa la jiko. Kisha akatikisa kichwa. "Waliobaki wamekwenda," alisema. "Waachie nafasi. Watu hawakosi kurudi kwao."

Kwa hiyo katika vijitabu vyote vilivyoshonwa baada ya hapo, kwenye ukurasa ule, baada ya watatu wale kuna mistari mitano mitupu. Wasomaji wengi walidhani ni kosa la mashine, na mwenyekiti alipoulizwa alikuwa akijibu kwamba mashine haikukosea.

Uhuru ukaja. Tulicheza, tukapiga vigelegele, fundi alishona bendera mpaka vidole vikavimba. Mayu alikufa kabla ya mwaka mmoja kutimia. Mwenyekiti alirudi Ukerewe na koti lake. Wanachama walipata kazi, waliitwa Dar es Salaam, barua zikapungua, hata mzee wa Bukoba akaacha kulalamika. Chama hakikufungwa; siku moja tulijikuta tu hatukutani. Lakini watu kutoka ng'ambo waliendelea kuja dukani kwa fundi, mmoja leo, wawili mwezi ujao, wakiomba kile kitabu chenye uzi mwekundu. Wengine walikuja na barua ya mwalimu mkuu akitaka umri wao uthibitishwe. Wengine walitaka kujiona tu. Fundi alinitumia mtu shuleni na mimi nikaja kuwasomea, na hakuna kazi nyingine ya chama iliyonifurahisha kama hiyo.

Siku moja alikuja kijana mrefu, ametumwa na chuo kimoja kilichotaka tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yake alikwisha kufariki. Alilokuwa nalo ni neno la mjomba wake tu: nyumba ya mwisho kabla ya mwalo wa mitumbwi, siku ng'ombe walipovushwa kwenda mnadani, mvua ya mawe. Nilipekua kutoka mbele hadi nyuma, na kutoka nyuma hadi mbele. Hakuwemo.

"Labda alinisahau," alisema, akaanza kufunga vifungo vya shati lake ili aondoke.

Ningeweza kumwacha aende. Hakuna mtu ambaye angejua. Nikamwambia akae, nikamfungulia ule ukurasa wenye mistari mitano mitupu. "Hakukusahau," nilisema. "Alikuandika. Mimi ndiye niliyekubandika ukutani." Nikamsimulia. Fundi aliacha kukanyaga.

Kijana alipitisha kidole juu ya ule weupe, kisha akanisogezea kalamu yangu iliyokuwa mezani.

"Basi niandike wewe, mwalimu," alisema.

Nikamwandika. Wa kiume, nyumba ya mwisho kabla ya mwalo, siku ng'ombe walipovushwa, mvua ya mawe. Sikuongeza mwezi wala upepo wa ziwa. Nakala ile ninayo hadi leo, uzi wake umefifia ukawa rangi ya chai, na mistari minne bado ni mitupu.